Kuzalisha samaki wakorofi sebuleni: Mjumbe kaniulia majike watatu kabla sijapata akili

#1 Mkazi wa Chuno

Wakuu, habari za jioni. Kule kwenye uzi wa kuku niliandika "Mjumbe kaua tena", watu wakaja mbio wakidhani ni habari ya mtaa. Mjumbe ni samaki. Binti yangu ndiye aliyempa jina, kwa kuwa hakuna nyumba asiyoingia na hakuna mgeni asiyemhoji. Nimeombwa nieleze, kwa hiyo kaeni vizuri, ni habari ndefu.

Mimi ni fundi mafriji, naishi Chuno hapa Mtwara mjini. Mwaka juzi msimu wa korosho ulikuwa mzuri, watu wakanunua mafriji, na mimi nikapata visenti. Badala ya kuezeka banda la nyuma kama nilivyomwahidi mama watoto, nikanunua tangi la kioo la lita 100 na kuagiza samaki sita kutoka Dar. Hawa ni siklidi, ukoo mmoja na perege na sato, ila wangu ni mbuna wa Ziwa Nyasa, aina inayoitwa auratus. Walikuja na basi, kila mmoja kwenye mfuko wake, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya lile boksi jeupe la kubebea barafu. Zaidi ya kilomita 550, wakavuka Daraja la Mkapa wakiwa hai na wakafika Mtwara wakiwa hai. Nikasema hapa nimelamba dume.

Muuzaji aliniambia ni wapole. Walikuwa urefu wa kidole kidogo, wote njano yenye mistari myeusi na myeupe, unaweza kukaa unawatazama mpaka chai ipoe. Miezi minne ikaenda kwa raha. Kisha mmoja akaanza kufifia njano. Ndani ya wiki mbili mwili ukawa mweusi na mistari ikawa hafifu, rangi zimegeuka kama kanga iliyovaliwa kinyume. Huyo ndiye Mjumbe.

Kwa asiyejua, samaki hawa hawaui kwa pigo moja. Dume anamkimbiza jike asubuhi hadi usiku, anampunguza mapezi, anamtoa magamba ubavuni, mwisho jike anajibanza kona ya juu nyuma ya bomba la filta, mdomo unagusa uso wa maji. Ukiona samaki amekaa hapo siku mbili, mtoe. Mimi wa kwanza nilimwona nikasema atazoea. Hakuzoea. Wa pili nikasema labda ni mgonjwa. Wa tatu alipoanza kujibanza, nikamtoa Mjumbe mwenyewe, nikamweka kwenye ndoo na pampu ya hewa kama mahabusu. Siku ya nne, mmoja kati ya niliodhani ni majike akaanza kugeuka mweusi na kuendeleza kazi pale Mjumbe alipoishia. Kumbe nilikuwa na madume mawili, na huyu wa pili alikuwa anajificha kwenye rangi ya kike akisubiri kiti kiwe wazi. Tukamwita Naibu.

Jana nimehesabu vifaranga 31. Kilichobadilika nitaeleza, ila kwanza mwenye uzoefu aseme kosa langu lilikuwa wapi.

#2 Korosho Ghafi

Yaani samaki huli, huuzi, unamlisha, unamlipia umeme, na yeye kazi yake kuua wake zake. Mkuu, kwetu Newala huyo angekuwa ameshakutana na nazi siku nyingi.

#3 Nahodha Feri

Huyo wa sentimita 10 nazi ya nini, hata mwiba hautoshi kujitolea meno. Mimi nafuatilia kimya kimya.

#4 Mwananyasa

Mkazi wa Chuno, mimi ni wa Mbamba Bay, sasa hivi nipo Songea. Mbuna tumewavua tukiwa watoto kwa ndoano ndogo kwenye mawe. Ukizamia kule maji meupe unaona kila jiwe lina mwenyewe. Dume anashika pango na mwani ulioota juu yake, na akitaka kuzalisha ndiyo kabisa hataki kuona mtu. Jike ambaye hajawa tayari akipita anafukuzwa, anakwenda mita tatu, yamekwisha. Dume anarudi pangoni, jike anaendelea na safari zake.

Sasa wewe tangi lako lina urefu gani? Maana anayefukuzwa mita tatu ndani ya sanduku la kioo anazipata wapi? Anakwenda hadi ukutani anarudi, na dume kwa akili yake anaona huyu mtu kafukuzwa na bado yupo, basi ni mjeuri. Anaongeza. Samaki wako si katili kuliko wa ziwani. Amenyimwa tu mahali pa kumalizia ugomvi.

Halafu auratus si wa pwani yetu, ni wa kusini mwa ziwa, upande wa Malawi. Sisi tuna demasoni, yule mdogo wa mistari ya bluu, aliyeingizwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1994 kutoka mawe ya Pombo. Kadogo kale, ukiweka wanne watauana abaki mmoja. Wanaofaulu naye huweka kumi na wawili kwenda juu. Kosa lako ni hilo: samaki wachache, mahali padogo.

#5 Mkazi wa Chuno

Umepiga penyewe, ndugu yangu. Mimi niliwaza kama mtu: wakiwa wachache watapata nafasi, watatulia. Kumbe wakiwa watatu, hasira yote ya dume inamwangukia mmoja. Wakiwa kumi na wanane hata akitaka kumwonea mtu fulani anampoteza katikati ya kundi, akigeuka anakutana na mwingine, mpaka anachoka. Kipigo kinagawanywa na hakuna anayekufa nacho. Ila ukijaza hivyo, filta iwe ya nguvu mara mbili, na maji ubadilishe kila wiki, theluthi moja hadi nusu. Hakuna njia ya mkato hapo.

Tangi lilikuwa sentimita 80.

#6 Fundi Kioo Ligula

80 kwa mbuna ni selo ya polisi. Mimi ndiye niliyemtengenezea la pili, acha niseme ili watu wasije wakakatiwa kioo cha dirisha. Urefu 120, upana 45, kimo 50, hizo ni lita 270. Kwa kimo hicho kioo kisipungue milimita 10. Silikoni chagua ile isiyo na dawa ya ukungu, dawa hiyo inaua samaki. Ukishaunga liache wiki nzima hadi harufu kama ya siki iishe kabisa. Na msiweke juu ya meza ya TV. Maji peke yake ni kilo 270, bado mawe, bado kioo chenyewe.

#7 Chipukizi wa Magomeni

Wakuu, kwa maji yetu haya hawa samaki wanaishi? Mimi natumia ya kisima, sabuni haitoi povu.

#8 Mkazi wa Chuno

Mdogo wangu, hayo yanayokataa povu ndiyo wanayoyapenda. Mbuna wanataka maji magumu yenye pH (kipimo cha asidi ya maji) kati ya 7.8 na 8.6, na joto nyuzi 24 hadi 27. Mwenzetu wa Ulaya ananunua chumvi maalumu kuyageuza maji yake, wewe unayachota nyuma ya nyumba. Ila yaonje kwanza. Magumu ni sawa, ya chumvi ya bahari si sawa. Ya bomba yaache wazi siku nzima na pampu ya hewa ikichemka ndani ili klorini itoke.

Kwenye mawe nilijifunza kitu kizuri. Nilikuwa na aina mbili: mawe ya Masasi, yale magumu ya vilimani, na vipande vya matumbawe makavu ya zamani, yale yale waliyojengea nyumba za Mikindani. Ukidondoshea siki, jiwe la Masasi linanyamaza, la matumbawe linatoa povu. Linalotoa povu ni chokaa, linayeyuka pole pole na kuishika pH isianguke. Kwa hiyo nimeweka yote mawili, la Masasi kwa kujenga mapango, la matumbawe kidogo ndani ya filta. Msiende kubomoa magofu ya watu Mikindani, na matumbawe hai ya baharini msiyaguse, hilo ni kosa la kisheria.

Mawe yakae juu ya sakafu ya tangi, chini weka kipande cha godoro gumu au ubao wa plastiki, NDIPO umwage mchanga. Ukianza na mchanga, siklidi ni wachimbaji kama wa Tunduru. Atachimba chini ya jiwe usiku, jiwe litashuka, asubuhi una ziwa sebuleni.

Na jambo moja ambalo halisemwi kwa wageni wa mbuna: maji yenye pH ya juu yanafanya amonia iwe sumu kali zaidi. Amonia inatokana na kinyesi na chakula kilichobaki. Kwenye pH 7 unaweza kuzembea ukasamehewa, kwenye 8.3 na joto letu la Februari husamehewi. Kwa hiyo tangi jipya lisubiri wiki nne hadi sita, bakteria wanaoila amonia hiyo waote kwenye sponji ya filta, ndipo ujaze samaki. Mimi nilichukua sponji kuukuu la tangi la zamani nikaliweka kwenye filta mpya, likafupisha safari.

#9 Mwalimu wa Mikindani

Nimesoma tangu mwanzo, na kama mwalimu wa baiolojia nimefurahi sana, ila kuna kitu mmekipita.

Konrad Lorenz, yule Mwaustria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kuchunguza tabia za wanyama, alifuga siklidi. Alieleza kwamba ukichukua jozi iliyotulia, dume na jike wake, ukawatenga peke yao kwenye tangi bila jirani yeyote, dume ambaye jana alikuwa mume mwema anaanza kumpiga jike, na anaweza kumuua. Mrudishie jirani wa kugombana naye, hata akiwa nyuma ya kioo, ndoa inatengemaa. Ile hasira ilikuwepo kwa ajili ya mpaka. Mpaka usipokuwa na mtu upande wa pili, inageukia ndani ya nyumba.

Kaka wa Chuno, kwa hiyo ulipomtoa Mjumbe kwenye tangi ulimwondolea Naibu jirani yake wa pekee. Haishangazi aliyofanya.

#10 Korosho Ghafi

Mwalimu, hii ya mume asiye na jirani wa kugombana naye naomba isifike kwa shemeji zangu.

#11 Mkazi wa Chuno

Dada Mwalimu, laiti ungekuwepo mapema ungeokoa jike wa tatu. Mimi hilo niligundua kwa bahati tu. Tangi jipya lilipokuja sikuwa na mahali pa kumweka Naibu, nikamkatia sentimita 25 za upande wa kulia, nikaziba kwa kioo chenye matundu madogo ili maji yapite. Mjumbe akashinda pale kwenye kioo. Anapanua mapezi, anavimbisha koo, anapiga kichwa, Naibu naye anajibu. Baada ya wiki majike walikuwa wanakula katikati ya tangi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Yaani nilijenga mahabusu, ikawa ndiyo amani ya mtaa.

Mpangilio wote ulikuwa hivi: Mjumbe, majike saba wa auratus, acei tisa, wale wa zambarau wenye mkia wa njano, na Naibu nyuma ya kioo. Acei nimewachagua kwa sababu ni watulivu na hawafanani rangi na auratus. Ukiweka samaki wanaofanana rangi, dume anaona mpinzani kila pembe. Na ukiweka dume bila majike wa aina yake atazaa na majike wa aina jirani, utapata machotara ambao hakuna anayewataka.

Mawe niliyapanga hadi karibu na juu, yawe kuta za kukata macho. Hapa ndipo nilipotumia akili ya ufundi. Nilikaa chini usawa wa tangi nikajiuliza, nikiwa hapa pangoni naona mpaka wapi? Kila nilipoona mwisho wa tangi niliongeza jiwe. Asiyeonekana hafukuzwi. Na Mjumbe niliingiza wa mwisho, wiki mbili baada ya wengine wote, ili akute watu wamekwishashika nyumba zao na yeye ndiye mgeni.

#12 Mchinga Moja

Salamu kutoka Lindi. Mimi sifugi mbuna, nafuga wale wa Amerika ya Kati, wa milia myeusi kama sare ya mfungwa. Ukorofi wao ni mwingine kabisa, na uzalishaji wao pia. Hawa hawaatamii mayai mdomoni kama mbuna. Wanataga juu ya jiwe au ndani ya chungu, mia na zaidi kwa mkupuo, na baba na mama wote wanalinda. Mayai yanaanguliwa kama siku tatu, vifaranga wanabaki wamejibandika chini wakitikisika, wiki haijaisha wanaogelea kundi zima nyuma ya mama. Utamwona mama anapeperusha mchanga kwa mapezi ili watoto wapate vya kuokota. Mimi mke wangu asiyependa samaki alisimama pale dakika ishirini.

Tatizo langu lilikuwa hilo hilo la dume kutaka leo wakati jike anataka kesho. Dawa yangu: nimekata wavu mgumu wa plastiki katikati ya tangi na kutoboa tundu moja. Dume ni mkubwa zaidi, hapiti. Jike anapita. Akiwa tayari anakwenda, akipigwa anarudi kwake. Uamuzi wote upo kwa jike. Tangu hapo sijapoteza hata mmoja.

Na wewe usimnunue dume na jike wakubwa ukawafungia ndani pamoja. Nunua wadogo sita, waache wachaguane. Jozi ikishapatikana utaijua, watakuwa wawili kona moja na wanne wengine wamesongamana kona ya pili wakiomba maji. Hapo wahamishe wale wanne haraka.

#13 Chipukizi wa Magomeni

Kaka wa Chuno, na hao wako wa kuatamia mdomoni nitajuaje jike ana mayai? Asije akawa tu ameshiba.

#14 Mkazi wa Chuno

Hili ndilo nililokuwa nalisubiri.

Kwanza utaona dume anafagia. Anasafisha jiwe bapa au anachimba kishimo mbele ya pango, rangi inamkolea, halafu anakwenda mbele ya jike na kutetemeka mwili mzima kama amepigwa shoti. Jike akikubali, wanazunguka pale duara, kichwa kwa mkia. Jike anataga yai moja au machache, anageuka hapo hapo na kuyazoa mdomoni kabla hayajapoa. Sasa tazama maajabu: dume kwenye pezi lake la chini karibu na mkia ana madoa ya njano, duara kabisa, kama mayai. Anatandaza pezi mbele ya jike. Jike anadhani kuna mayai ameyasahau, anakwenda kuyadonoa, na dume anamwaga mbegu pale. Mayai yanarutubishwa ndani ya mdomo. Nilipoliona kwa macho yangu nilimwamsha binti yangu saa kumi na moja alfajiri.

Baada ya hapo jike hali. Hiyo ndiyo alama ya uhakika, kushiba hakumfanyi samaki akatae chakula. Unarusha chakula, wote wanapanda, yeye anabaki chini, koo limejaa kama mtu aliyeficha embe dodo, na kila baada ya muda anatafuna hewa, anayageuza mayai. Atakaa hivyo kama siku 21. Joto likiwa juu inapungua kidogo, wangu walitoka siku ya 19 kwa nyuzi 28. Wiki tatu bila chakula na bado anafukuzwa, fikiria.

Mara ya kwanza jike aliyameza siku ya nne. Nilikasirika bure, majike wageni hufanya hivyo, na mimi nilikuwa nachungulia na tochi kila saa. Mara ya pili nilitaka kumhamisha siku ya kumi, mchana, kwa kimia. Nikavuruga mawe yote, nikamfukuza nusu saa, aliponaswa akayatema yote kwenye kimia. Mara ya tatu nikasubiri siku ya 16, saa sita usiku, taa zote zimezimwa. Samaki usiku wanalala, ukija taratibu na tochi yenye mwanga hafifu unamsukumia kwenye jagi bila yeye kutoka majini. Nikamhamishia tangi la lita 40 lenye bomba la inchi tatu la kujificha na sponji iliyokwisha komaa. Siku ya 19 jioni nikaona kichwa kimoja kwenye mdomo, kama mtu anachungulia mlangoni kuona kama mvua imekatika. Asubuhi walikuwa nje, 31, kila mmoja na mistari yake tayari.

#15 Mwananyasa

Hongera sana. Wengine siku ya 16 humshika jike kwa mkono uliolowa, wakamfungua taya kwa njiti na kuwatoa watoto wenyewe. Hupotezi hata mmoja. Ila mimi sipendi. Jike anayetolewa watoto kila uzazi, kwa maoni yangu, hajui tena kuwalea.

#16 Mchinga Moja

Na asipowatoa, tangi lile lenye samaki kumi na wanane atabakisha wangapi? Mwananyasa, kule ziwani kuna mawe kilomita kwa kilomita, huku kuna sebule.

#17 Mkazi wa Chuno

Mimi nipo katikati yenu. Simfungui mdomo, namhamisha tu. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kumrudisha mama. Amekonda, na alipoondoka nafasi yake ilichukuliwa, akirudi anapokelewa kama mwizi. Nikamtenga na watoto, nikamlisha siku tano peke yake mpaka tumbo likajaa, kisha nikamrudisha usiku, na kabla ya kumrudisha nikayapanga mawe upya. Asubuhi kila mtu anaamka mtaa haujui, wanahangaika kutafuta nyumba, hakuna mwenye muda na mgeni.

#18 Mzee wa Rutamba

Vijana, hamjambo. Mimi nina bwawa la perege hapa Rutamba. Hayo mnayoyasema nimeyaona miaka mingi bila kujua kuwa yana elimu. Perege dume anachimba kishimo chini ya bwawa na kukilinda, jike anaatamia mdomoni vile vile. Tabu yetu sisi ni kinyume chenu, wanazaana mno mpaka bwawa linajaa vidagaa visivyokua. Sasa swali langu: hao vifaranga mkizidiwa, si mngewaleta tukawamwaga ziwani huku Rutamba wakajitafutia?

#19 Mwalimu wa Mikindani

Shikamoo mzee. Naomba kwa heshima zote, hapana. Sangara alipandwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, na furu, siklidi wadogo wa ziwa lile, wakapotea aina kwa aina. Huku kwetu Mto Ruvuma na maziwa yake yana siklidi wake wa asili, wakiwemo jamaa wa karibu kabisa wa hao wa Nyasa. Samaki mkorofi wa kigeni hatujui atamfanya nini perege wako. Aliyezidiwa ampe mwenzake, au asizalishe.

#20 Mwananyasa

Naunga mkono. Na kwa upande wa pili, msije Mbamba Bay mkaanza kujivulia kiholela. Kukamata samaki wa mapambo ziwani kunataka leseni, Sheria ya Uvuvi ya 2003 ipo.

#21 Mzee wa Rutamba

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Nitabaki na perege wangu.

#22 Nahodha Feri

Chakula je? Dagaa wapo Feri wa kumwaga.

#23 Mkazi wa Chuno

Nahodha, hapana kwa mbuna. Hawa wanakula mwani, utumbo wao ni mrefu, ukiwapa dagaa na nyama kila siku wanavimba tumbo, kinyesi kinakuwa cheupe kama uzi, na wanakufa ndani ya siku chache. Nawapa chakula kikavu chenye spirulina (aina ya mwani), mchicha uliochemshwa kidogo, njegere iliyomenywa ganda. Mara moja kwa wiki hawali kabisa. Vifaranga nawasagia kile kile kikavu kiwe unga, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Kiini cha yai nilijaribu, kikachafua maji kwa saa moja tu, usijaribu.

#24 Binti wa Mitwero

Na umeme ukikatika?

#25 Mkazi wa Chuno

Hapo ndipo mwenye tangi lililojaa anapojulikana. Nina pampu ndogo ya hewa ya volti 12 kwenye betri ya pikipiki iliyochoka, inatosha usiku mzima. Bila hewa samaki wanapanda juu kuhema, na hata bakteria wa kwenye sponji wanaanza kufa baada ya saa kadhaa, umeme ukirudi filta inakumwagia uozo. Wakati wa giza usilishe.

Joto nalo, kuanzia Desemba hadi Machi maji yangu yanagonga 30. Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo na yanamfanya Mjumbe awe kichaa zaidi. Nafunua mfuniko, naweka wavu, nawasha feni ya kompyuta ipulize juu ya maji. Maji yakikauka yanaondoka na joto, ni kanuni ya mtungi wa bibi. Inashuka nyuzi mbili. Hita sijawahi kuiwasha, hata Julai.

#26 Chipukizi wa Magomeni

Kaka, nakuja kuchukua watano. Nina tangi la lita 60.

#27 Mkazi wa Chuno

Hupati. Umesoma uzi wote huu halafu unataka kurudia kosa langu? Jenga kwanza. Mwalimu nitampa acei wa darasani wakizaa.

#28 Mwalimu wa Mikindani

Nimekwisha waambia wanafunzi. Wanauliza kama Mjumbe atakuja kuhutubia.

#29 Mkazi wa Chuno

Wakuu, nilikuwa nafunga uzi, binti kaniita. Kuna jike wa pili koo limejaa, na tangi la vifaranga bado lina wale 31. Fundi Kioo, lile la sentimita 60 ulisema bei gani?

#30 Fundi Kioo Ligula

Njoo kesho tupime. Ila pita na mama watoto, nisije nikaulizwa tena habari za bati la banda.